Mgeni Katika Nchi ya Wengine: Kutoegemea Upande na Mipaka Yake

Hotuba iliyosomwa mbele ya Usharika na wageni wa Dayosisi katika maadhimisho ya miaka mia moja



Usharika unapotimiza miaka mia moja, ni desturi njema kuwataja waasisi wake. Hutajwa safari zao za miguu, shule walizofungua, lugha walizojifunza, na watoto wao waliozikwa katika udongo wa nchi hii. Liko jambo moja ambalo kwa kawaida hupitwa kwa haraka. Watu hao walikuwa wageni. Waliishi katika nchi isiyokuwa yao, chini ya serikali ambayo wenyeji hawakuichagua, na kila siku iliwabidi kuamua waseme nini na wanyamazie nini katika mambo ya utawala.

Swali hilo halikuzikwa pamoja nao. Linamhusu daktari au mwalimu aliyetumwa na kanisa rafiki la ng'ambo. Linamhusu mkimbizi aliyevuka mpaka akiwa na mkeka na sufuria. Linawahusu pia wana na binti za mlima huu walioko Ujerumani, Marekani, Uingereza na Oman, ambao majirani zao huwauliza wakati wa uchaguzi wako upande gani. Je, mgeni anaweza kukaa bila upande katika siasa za wenyeji wake? Na kama anaweza, ni wakati gani ambapo kutokuwa na upande huacha kuwa busara na kuwa dhambi?

Wahenga walisema kwamba mgeni ni kuku mweupe. Katikati ya kuku wa rangi nyingine, mweupe huonekana kutoka mbali, na mwewe naye humwona. Mgeni hutazamwa hata asiponena neno. Nyumba anayoingia, barabara anayopita na mtu anayemsalimu kwanza, vyote huhesabiwa kuwa ni maneno. Historia ya Injili katika mlima huu ni ushahidi wa jambo hilo tangu siku zake za kwanza.

Hema lilipopigwa

Kabla ya Walutheri kufika Kilimanjaro, Waanglikana wa shirika la CMS kutoka Uingereza walikuwa na kituo huko Moshi tangu mwaka 1885. Mwezi Juni 1892 mashujaa wa Mangi Meli walilishinda jeshi la Wajerumani, na kamanda wake, von Bülow, akafa katika mapigano hayo. Watawala wa Kijerumani waliwashuku wamisionari Waingereza kwamba walikuwa wakimuunga mkono Meli. Wamisionari walizikana tuhuma hizo, lakini haikusaidia. Mwaka uleule waliondoka Moshi na kuhamia Taveta. Watu waliokuja kufundisha watoto kusoma walihukumiwa kwa sababu ya bendera ya nchi waliyozaliwa.

Mwaka 1893 wamisionari wa Leipzig wakafika Machame. Ni haki kukiri kwamba mlango walioupitia ulifunguliwa kwa sehemu na siasa. Waingereza walikuwa wameondolewa, na watawala walipendelea wamisionari wa taifa lao. Waasisi hao walikuja kwa ajili ya Injili, na hakuna sababu ya kuutilia shaka moyo wao. Lakini mwenyeji aliyekuwa akitazama kutoka mgombani hakuuona moyo. Alichokiona ni mgeni mmoja akiondoka na mwingine akiingia baada ya vita.

Yaliyotokea Meru mwaka 1896 yanaeleza jambo hilo kwa uchungu zaidi. Ewald Ovir alikuwa mwana wa Estonia. Karl Segebrock alikuwa mzaliwa wa Kurland. Nchi zote mbili wakati huo zilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, kwa hiyo hawa wawili hawakuwa hata raia wa dola iliyokuwa ikiitawala Tanganyika. Walikwenda Akeri kuanzisha kituo. Lakini siku zilezile Kapteni Johannes na askari wake walikuwa wamepiga kambi si mbali na hapo. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba, Ovir na Segebrock waliuawa, pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Kisha jeshi la serikali likaja kulipiza kisasi. Nyumba zilichomwa, ng'ombe walitekwa, na watu wengi walikufa ambao hawakuwahi kuwaona wamisionari wale.

Ovir na Segebrock hawakushika bunduki kuiteka Meru. Hata hivyo, Wameru na Waarusha walikuwa na njia gani ya kumtofautisha mzungu wa Biblia na mzungu wa bunduki, ikiwa wamefika wakati mmoja na moshi wa moto wao unapanda pamoja? Hapo ndipo lilipo fundisho la kwanza. Kutoegemea upande hakukai moyoni mwa mgeni peke yake. Kunakaa pia mahali anapopiga hema, katika njia anayoifuata, na kwa mtu anayemlinda usiku. Anayelindwa na upande mmoja, halafu akasema hana upande, husema jambo ambalo yeye mwenyewe huliamini, lakini jirani yake hawezi kuliamini.

Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa huko Moshi pamoja na viongozi wengine. Wote walikuwa 19. Wakati huo vituo vya misheni vilikuwa tayari vimesimama mlimani, na mbegu ya Neno ilikuwa imeanza kuota. Usharika unaomshukuru Mungu kwa miaka mia moja hauna haja ya kuificha kumbukumbu hiyo. Shukrani ya kweli hustahimili ukweli.

Moto wa kwao

Fundisho la pili lilikuja kwa njia ya vita vikuu viwili. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliiteka Moshi, na mwaka 1920 wamisionari Wajerumani walirudishwa kwao. Miongoni mwao alikuwamo Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902. Huyu alijifunza mila na sheria za Wachaga kwa bidii kuliko mgeni mwingine yeyote wa wakati wake, na alitetea ukoo, ujirani na urika kuwa ni karama za Mungu ambazo Injili haikuja kuzibomoa. Upendo huo haukumkinga. Mbele ya serikali mpya alihesabiwa pamoja na taifa lake. Aliruhusiwa kurudi mwaka 1926, akafanya kazi hadi mwaka 1938.

Katika miaka ile ya upweke, walimu na wazee wenyeji ndio walioshika ibada na shule. Walutheri wa Marekani wa Sinodi ya Augustana walifika mwaka 1922 kusaidia, na Wajerumani walianza kurejea mwaka 1925. Wakristo wa mlimani walijifunza mapema jambo ambalo wageni wao walichelewa kulijua: Kanisa haliwezi kutegemea watu wanaoweza kuondolewa kwa amri moja.

Baada ya mwaka 1933 jaribu likaja kwa sura nyingine. Chama cha Hitler kilipata matawi miongoni mwa walowezi Wajerumani wa Tanganyika, na walikuwako waliotumaini kwamba nchi hii itarudishwa mikononi mwa Ujerumani. Miongoni mwa wamisionari pia walikuwamo waliojiunga na chama hicho, na walikuwamo waliokikataa. Vita vilipoanza Septemba 1939, Wajerumani walianza kukamatwa na kuwekwa kizuizini. Kazi ya misheni ikabaki yatima kwa mara ya pili, na Augustana wakaombwa tena kuitunza. Aliyejiunga na aliyekataa walipanda gari moja.

Waliolipa gharama ni wenyeji. Shule zilipoteza walimu, hospitali zilipoteza waganga, na sharika zikaachwa na maswali ambayo hazikuyaanzisha. Mgeni anayeingiza ugomvi wa kwao katika boma la mwenyeji wake ni sawa na mtu aliyekuja na kaa la moto chini ya paa la nyasi ambalo si lake. Likiwaka, yeye anayo nyumba nyingine ng'ambo ya bahari. Mwenyeji hana.

Hii ndiyo sababu iliyo nzito kuliko zote ya mgeni kujizuia. Watu husema mgeni anyamaze kwa sababu haijui nchi, na mara nyingi ni kweli. Lakini wapo wageni wanaoijua nchi vizuri kuliko wengi waliozaliwa humo. Hata hao hubaki na tofauti moja na wenyeji wao: wao wanaweza kuondoka. Neno likisemwa leo jukwaani, kesho mgeni atasindikizwa uwanja wa ndege, na mwenyeji aliyesimama karibu naye ataitwa kituo cha polisi. Kujizuia kwa mgeni ni namna ya kumheshimu yule atakayebaki.

Wakati kimya kinapokuwa upande

Hata hivyo, historia hiihii inakataa fundisho hilo ligeuzwe kuwa kichaka cha kujificha. Mwezi Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao elfu tatu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, ili yapatikane mashamba ya walowezi wa Kizungu. Watu waliona nyumba zao zikiteketezwa. Mgeni aliyekuwa akiishi jirani wakati ule, akaendelea kunywa chai na afisa wa wilaya akisema kwamba yeye haingilii siasa, alikuwa ameingilia tayari. Pale ambapo mmoja ana nguvu zote na mwingine hana, kimya cha mtazamaji huenda chenyewe kwa mwenye nguvu, kama maji yaendavyo bondeni.

Wameru walichagua njia ya sheria. Walimtuma Kirilo Japhet, ambaye mwaka 1952 alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York kueleza shauri la watu wake. Katika Baraza Kuu azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili za kura zilizohitajika. Lakini dunia ilikuwa imekwisha kuisikia sauti ya Mwafrika wa Tanganyika akijisemea mwenyewe, na hapa nyumbani shauri hilo liliwaamsha wengi waliokuja kupigania uhuru.

Pembeni ya Kirilo Japhet alikuwako mgeni. Earle Seaton alikuwa mwanasheria mzaliwa wa Bermuda, aliyekuwa akifanya kazi yake Moshi. Mwenendo wake unastahili kutazamwa kwa makini. Hakujifanya kiongozi wa Wameru, wala hakuwachagulia madai yao. Wameru walikutana, wakaamua, wakachanga fedha, wakamchagua msemaji wao. Seaton aliutoa ujuzi wake wa sheria, akasaidia kuandaa maombi na kuyafikisha mahali panapostahili. Mwenye shauri ndiye aliyesema. Yeye alikaa karibu kiasi cha kusaidia, na mbali kiasi cha kutoziba sauti ya mwenye shauri.

Miaka 25 baadaye, Kanisa lenyewe lilitakiwa kujibu swali hilohilo. Mwezi Juni 1977 Shirikisho la Kilutheri Duniani lilifanya Mkutano wake Mkuu wa sita jijini Dar es Salaam. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa Rais wake, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Wajumbe wengi hawakuwa raia wa Afrika Kusini wala wa Namibia. Wangeweza kusema kwamba siasa za nchi hizo haziwahusu. Badala yake walitamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi ni suala la ungamo la imani, na kwamba kanisa linaloutetea ubaguzi linajitenga na imani inayoungamwa.

Mkutano ule haukuwaagiza watu wa Afrika Kusini wamchague nani. Ulitamka kwamba mtu mweusi ni mtu, na kwamba meza ya Bwana haina rangi. Hapo mpaka ulionekana wazi. Liko shindano la madaraka, ambapo watu wenye haki sawa wanabishana nani aongoze na kwa sera gani. Humo mgeni hana kura, na ni vema asiwe na jukwaa. Na liko swali la kama jirani ni mtu au si mtu. Katika hilo hakuna aliye mgeni.

Ngara, 1994

Tanzania yenyewe imekuwa mwenyeji wa wageni wengi, na Walutheri wameshiriki kuwapokea. Tangu mwaka 1964 shirika la TCRS, lililoanzishwa na Shirikisho la Kilutheri Duniani, limewahudumia wakimbizi. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unamtaka mkimbizi atii sheria za nchi iliyompokea na asifanye vitendo vya uchochezi dhidi ya nchi nyingine mwanachama. Kwa hiyo mkimbizi ni mgeni aliyepewa kinga kwa sharti la kujizuia.

Sharti hilo lilijaribiwa vikali tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao robo milioni walipovuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Walikuwamo mama na watoto wasio na hatia. Walikuwamo pia waliotoka kuua. Viongozi wa wilaya za Rwanda walifika na watu wao, na mwanzoni wengi wao ndio walioorodhesha watu na kusimamia ugawaji wa chakula katika kambi ya Benaco. Mashirika ya huduma yalikuwa yamefundishwa kutouliza mwenye njaa ni wa upande gani, na fundisho hilo ni jema. Lakini mtoa huduma alipomkabidhi muuaji daftari la chakula, alikuwa bado hana upande?

Mwishoni mwa mwaka ule tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliamua kuondoka kambini, likisema kwamba msaada ulikuwa ukiwatia nguvu waliopanga mauaji. Wengine walibaki, kwa sababu mtoto anayeharisha hakupanga mauaji yoyote. Kila upande ulikuwa na hoja ambayo mwenzake hakuweza kuijibu yote. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba uji unaotolewa kwa kila mtoto hauna upande, ila mkono unaoshika upawa unao. Anayetaka kuhudumia wote sharti aangalie ni nani anayegawa kwa jina lake.

Kujenga nyumba na kukataa kusujudu

Maandiko Matakatifu yanayajua maisha ya ugenini. Nabii Yeremia aliwaandikia mateka walioko Babeli wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na wauombee amani mji ule uliowateka. Barua hiyo haikuwaambia nani aketi katika kiti cha enzi cha Babeli. Iliwapa kazi zote za jirani mwema. Lakini katika Babeli ileile vijana watatu wa Kiyahudi, waliokuwa watumishi waaminifu wa serikali, walikataa kuisujudia sanamu ya mfalme, wakatupwa katika tanuru. Yeremia na wale vijana hawapingani. Mgeni hujenga, hupanda, huomba, hulipa kodi na kutii sheria. Na siku akiambiwa asujudu, husimama.

Kwa wale wanaotoka katika Usharika huu kwenda nchi za watu, hayo ni maneno ya kufungasha pamoja na nguo. Wajue sheria ya nchi inawaruhusu nini. Wajifunze lugha kabla ya kutoa maoni. Wasiwe wa kwanza kusema katika ugomvi wa wenyeji, wala wa mwisho kufika jirani yao anapoonewa. Na kwa wageni wanaokuja hapa, Usharika unawaomba kitu kilekile.

Nao wenyeji wana wajibu. Methali isemayo mgeni apewe jembe siku ya tatu hutajwa kwa kicheko, lakini ina uzito. Anayelima pamoja nanyi miaka mingi hawezi kubaki mgeni daima. Mwaka 2007 Tanzania iliamua kuwafungulia njia ya uraia Warundi wa mwaka 1972, na katika miaka iliyofuata zaidi ya 160,000 walipewa uraia. Waliotakiwa kukaa mbali na siasa kwa zaidi ya miaka 30 walipata haki ya kupiga kura katika nchi ambayo watoto wao walizaliwa. Kujizuia kwa mgeni kuna mwisho wake wa heshima, nao ni siku wenyeji wanapomwambia kwamba sasa yeye ni wao.

Huko Akeri yako makaburi ya Ovir na Segebrock. Yanajulikana, na Wakristo huyatembelea. Mangi Meli hana kaburi la namna hiyo. Fuvu lake linaaminika kuwa lilipelekwa Ujerumani, na wazao wake wamelitafuta kwa miaka mingi. Wageni wawili waliouawa na wenyeji wanajulikana walipolala. Mwenyeji aliyeuawa na wageni hajulikani alipo. Usharika unaoingia katika karne yake ya pili ni wa wote hao. Unapowaombea waliokuja na Injili, uwakumbuke pia waliokuwa nyumbani walipofika wageni.

Mungu awabariki wenyeji na wageni. Amina.